Uzi maalumu: Noti za mwanzo za Marekani (1690–1790), na namna ya kuijua halisi kabla hujatoa pesa

KaraniWaNoti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu ndani. Kwenye uzi wa noti za zamani za Afrika Mashariki kuna watu waliniomba nifungue uzi wa noti za karatasi za Marekani, zile za kabla nchi yao haijawa na rais. Nilikuwa naahirisha kwa sababu habari yenyewe ni ndefu. Lakini siku hizi naona mtandaoni watu wanauziwa karatasi za ukumbusho kwa bei ya noti halisi, na wanaolizwa ni wale wapya wenye hamu. Bora tuliweke sawa.

Naishi Pennsylvania na ninazikusanya kwa mapenzi, sifanyi biashara nazo. Msimamo wangu ni mmoja, na yote nitakayoandika yanatokana nao: hizi noti zilitengenezwa na watu waliokuwa wakipigana na waghushi kila uchao. Ule ujanja waliouficha kwenye karatasi, wino na sahihi ili muuza duka wa mwaka 1760 asidanganywe, ndio unaokulinda wewe leo. Jifunze vita hiyo kwanza, kununua kutafuata.

Tuanze Massachusetts, Desemba 1690. Askari wamerudi kutoka Quebec, walikokwenda kuwapiga Wafaransa chini ya Sir William Phips, na wamerudi wameshindwa. Ilitegemewa walipwe kutokana na nyara. Nyara hakuna, hazina tupu, na askari mwenye njaa na bunduki si mtu wa kuambiwa njoo kesho. Koloni likatoa karatasi na kutangaza kwamba zitapokelewa kulipia kodi. Wachina walikuwa wametangulia kwa karne nyingi, na Wafaransa wa Kanada walishawahi kulipa askari wao kwa karata za kuchezea mwaka 1685, ila kwa makoloni ya Kiingereza pale ndipo noti za serikali zilipoanzia.

Angalieni kinga yao ya kwanza. Juu ya noti kulikuwa na pambo la mistari iliyojipindapinda. Karatasi ilikatwa kwa mkasi kupitia katikati ya pambo hilo, kwa mawimbi, na kishina kikabaki ofisini. Ukirudisha noti, karani anachukua kishina chake na kuvilinganisha. Mawimbi yakigoma kukutana, umekamatwa. Waghushi hawakukata tamaa: waliacha pambo kama lilivyo wakabadilisha kiasi kilichoandikwa, shilingi chache zikawa nyingi. Noti za 1690 zilizobaki ni chache mno, na miongoni mwao zimo zilizochezewa hivyo hivyo. Hizo tuwaachie makumbusho na wenye fedha zao.

Sasa Benjamin Franklin. Wengi wanamjua kwa sura yake kwenye dola 100, ila yeye mwenyewe alikuwa mchapaji wa noti, na ndiyo kazi iliyompa kipato kizuri Philadelphia. Mwishoni mwa miaka ya 1730 alianza kuchapa majani ya miti nyuma ya noti. Alichukua jani halisi, akalilaza juu ya kitambaa, akalibonyeza kwenye plasta laini hadi ikashika kila mshipa, kisha kwenye kalibu hiyo akamimina metali ile ile ya kutengenezea herufi za kupigia chapa. Alichopata ni bamba lenye mishipa minene katikati na membamba kabisa pembeni, pamoja na vijishimo vya ufumaji wa kitambaa.

Hakuna fundi wa kuchonga aliyeweza kuiga mishipa ya namna ile kwa mkono. Chukueni lenzi mtazame: kwenye halisi, mstari wa mshipa unapungua taratibu mpaka unapotelea kwenye karatasi. Kwenye noti ya kughushi ya zama zile, mstari una unene mmoja mwanzo mwisho, au unakatika ghafla kama umechorwa. Binafsi, kitu cha kwanza ninachotazama nikishika noti ya Pennsylvania, New Jersey au Delaware ni mgongo wake. Mbele nitarudi baadaye.

Nitaendelea. Wenye maswali wekeni.

Mwana wa Makadara

Shukran kwa uzi. Swali langu ni la karatasi. Nimesoma mahali kwamba zina kitu kinachometameta ndani. Ni kweli ama ni hadithi za wauzaji?

KaraniWaNoti

Ni kweli, ndugu yangu, na ni kinga nzuri kuliko zote. Karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, ikatiwa nyuzi za buluu na chenga ndogo za ulanga (mica), yale madini yanayometa. Ukiinamisha noti kwenye mwanga wa dirishani, ulanga unawaka hapa, unazima, unawaka pale. Picha ya simu haiwezi kukuonyesha hilo, ndiyo maana nasisitiza mtu apate nafasi ya kushika noti halisi hata moja kabla ya kununua.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame walichapisha uchunguzi wao wa karibu noti 600 za makoloni. Waliukuta ulanga huo na nyuzi hizo, na tena wakakuta kwamba wino mweusi wa Franklin ulikuwa na grafiti, madini yale yale tunayoyaita risasi ya penseli, wakati wino mweusi wa kawaida wa siku zile ulitokana na masizi ya mafuta au mifupa iliyochomwa. Yaani mtu alijitengenezea wino wake. Mimi habari hiyo ilinifurahisha kuliko bei ya mnada wowote.

Ukiona noti ya "1776" ambayo karatasi yake ni ya rangi ya chai, inakatika kwa sauti ya makaratasi makavu, na imekunjamana sawasawa kila upande, hiyo ni ya ukumbusho. Karatasi halisi ni laini, ina unene, inakaribia kitambaa. Na ukiwa na taa ya urujuanimno kama zile za kukagulia noti benki, karatasi nyingi za kisasa zinang'aa buluu kwa sababu ya kemikali za kung'arishia. Za karne ya 18 hazing'ai hivyo, isipokuwa kama mtu kazifua kwa sabuni.

Fundi Saa Tabora

Mkuu, endelea na zile za Kongresi. Hizo ndizo nazisikia zaidi.

KaraniWaNoti

Sawa. Noti za Kongresi, wakusanyaji wanaziita Continental, zilianza 1775. Vita na Waingereza imeanza, Kongresi, yaani baraza la wajumbe wa makoloni, haina mamlaka ya kutoza kodi, na jeshi linataka kula. Wakaidhinisha noti, toleo la kwanza lina tarehe 10 Mei 1775. Zilichapwa Philadelphia na Hall & Sellers, kampuni iliyotokana na ile ya Franklin. Maandishi yake yanamuahidi mwenye noti dola za fedha za Kihispania, kwa sababu ndiyo pesa iliyoaminika bandari zote za dunia. Wazee wetu wa pwani nao waliishika: ile yenye nguzo mbili waliiita reale ya mzinga.

Viwango vyake vinachekesha macho yaliyozoea tano, kumi, ishirini. Kuna dola 3, 4, 6, 7, 8, na kufikia toleo la 1779 kuna 35, 45, 55, 65 na hata 80. Kila kiwango kina picha yake na msemo wa Kilatini. Dola 6 ina biva, yule mnyama wa mtoni anayeangusha miti kwa meno, anautafuna mti mkubwa, na msemo wake ni Perseverando, kwa kuvumilia. Dola 3 ina tai anapigana na korongo, na juu yake wameandika kwamba mwisho wake haujulikani. Fikirieni serikali inachapa pesa ya kulipia vita na inaandika humo humo kwamba matokeo hayajulikani! Mpaka leo ndiyo noti ninayoipenda kuliko zote.

Zile ndogo za tarehe 17 Februari 1776, za sehemu za dola (sudusi yaani moja ya sita, theluthi, nusu, theluthi mbili), ndizo zenye saa ya jua na neno Fugio, "nakimbia", na chini yake agizo la kumtaka mtu ashughulikie mambo yake. Nyuma kuna pete 13 zilizoshikana, kila moja na jina la koloni. Mchoro huo kwa kawaida unahesabiwa kuwa wa Franklin.

Kila noti ya dola nzima ilitiwa sahihi kwa mkono na watu wawili, na namba ikaandikwa kwa mkono. Hapo pana somo. Wino wa zamani wa sahihi ulikuwa na chuma, unaingia kwenye karatasi, unageuka kahawia, na wakati mwingine unatokeza upande wa pili. Sahihi ambayo ni nyeusi tii, iko bapa juu ya karatasi, na ina nukta ndogondogo ukiitazama kwa lenzi, imetoka kwenye mashine.

Waingereza walijua udhaifu wa adui yao uko wapi. Walipoishika New York, noti za Kongresi zilighushiwa kwa wingi, na Aprili 1777 gazeti la mjini humo lilitoa tangazo kwamba anayesafiri kwenda makoloni mengine anaweza kupatiwa noti bandia kwa gharama ya karatasi tu. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba matoleo mawili mazima, la 20 Mei 1777 na la 11 Aprili 1778, yaliamriwa yarudishwe. Hilo la Aprili 1778 lina jina la Yorktown, mji wa Pennsylvania unaoitwa York siku hizi, ambako Kongresi ilikimbilia Philadelphia ilipotekwa. Kwa kuwa nyingi zilirudishwa na kuharibiwa, noti za Yorktown leo ni adimu kuliko nyingine za Kongresi. Mwenye kuelewa kisa hiki haulizi tena kwa nini noti mbili za dola 8, miaka miwili mbali, zinapishana bei namna ile.

Kuna jambo jingine la vita hiyo ambalo wachache wanalijua. Kongresi ilichapa karatasi za kulinganishia, kwa mabamba yale yale ya halisi, ila kwenye karatasi ya buluu na bila sahihi, zikasambazwa ili watu waweke noti yao kando na kutazama. Karatasi hizo za buluu hazikuwahi kuwa pesa, na leo ukiipata moja umepata kitu kikubwa.

BintiMalindi

Na hizo bandia za Waingereza je? Za kutupwa?

KaraniWaNoti

Hata kidogo, dada. Bandia za wakati ule wenyewe zinakusanywa, na wapo wanaozitafuta hizo tu. Ni silaha ya vita iliyobaki. Sharti ni moja: muuzaji aseme wazi kwamba ni bandia ya wakati ule.

Mzee Kibao

Wakuu, nina shida. Marehemu baba mkubwa alikuwa baharia, aliacha sanduku, ndani mna noti ya dola 1,000 ya Bank of the United States, tarehe 15 Desemba 1840. Mtu hapa mjini kanipa ofa kubwa ya kubadilishana na pikipiki. Nifanye nini? Karatasi ni ya njano, imekauka kweli kweli, inaonekana ya zamani sana.

KaraniWaNoti

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa msiba wa baba mkubwa. Naomba uniangalizie namba ya noti. Je, ni 8894?

Mzee Kibao

Marahaba. Ndiyo, 8894! Umejuaje?

KaraniWaNoti

Mzee, kwa heshima zote: hiyo ni nakala ya ukumbusho. Ndiyo nakala maarufu kuliko zote za noti za zamani za Marekani. Zimechapwa nyingi mno, zote na namba hiyo hiyo 8894, kwenye karatasi iliyotiwa rangi ionekane kuukuu. Zipo kwenye masanduku ya watu dunia nzima. Noti mbili za benki moja haziwezi kuwa na namba moja, kiwango kimoja na tarehe moja, sembuse maelfu.

Ushauri wangu, mwambie huyo mwenye pikipiki ukweli kabla ya kubadilishana, maana atakuja kujua na heshima yako ni kubwa kuliko pikipiki. Noti yenyewe itunze, ni kumbukumbu ya marehemu.

Mzee Kibao

Nimekuelewa mwanangu. Nitamwambia leo leo. Vijana someni huu uzi.

Fundi Saa Tabora

Mzee umetufundisha. Mkuu, hiyo ya 1840 haihusiani na Continental, si ndiyo? Hizo za mabenki zinaingiaje?

KaraniWaNoti

Hazihusiani. Continental zilianguka thamani vibaya. Kongresi ilikuwa imetoa zaidi ya dola milioni 200 bila fedha ya kuzishikilia. Mwaka 1780 yenyewe ikakubali 40 kwa 1, na baada ya katiba mpya sheria ya 1790 ikawapa waliobaki nazo hati za deni kwa 100 kwa 1. Ndiyo maana zipo mpaka leo: wengi waliona haina maana kuzirudisha.

Baada ya hapo zikaja noti za mabenki binafsi yenye vibali vya majimbo, kwa miaka zaidi ya 80, hadi kodi ya asilimia 10 ya Kongresi ikazimaliza baada ya Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe. Huo ni uzi wake. Niseme moja tu. Benki ya Farmers' Exchange ya Glocester, Rhode Island, ilianguka 1809, na wakaguzi walipofungua hazina walikuta dola 86 na senti kadhaa za fedha taslimu, wakati noti zake zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa za mamia ya maelfu. Noti zake bado zinauzwa kwa wakusanyaji, na mimi sioni njia bora ya kumwonyesha mtu maana ya benki kuvunjika.

Mwana wa Makadara

Na zile za Kusini zenye picha za watumwa wakilima pamba? Mimi nimeziona, roho ikakataa. Wewe mtu mweusi unazikusanyaje?

KaraniWaNoti

Swali zito na nakushukuru umeliuliza. Noti ya dola 100 ya 1862 ya Confederate, yaani majimbo ya Kusini yaliyojitenga, ina watumwa wanalima pamba katikati, kama vile mtu anavyoweka bidhaa yake dirishani. Ninayo. Naihifadhi kwa sababu ni ushahidi waliouandika wao wenyewe, kwa mkono wao, wa kilichoshikilia pesa yao. Anayeniambia vita ile haikuwa ya utumwa, namwonyesha noti. Ila sijawahi kuiweka kwenye fremu ukutani, na sitaiweka.

BintiMalindi

Nakubaliana nawe. Ila bibi yangu angeichoma, na ningemwelewa.

Shekhe wa Mkunazini

Assalaam alaykum. Mbona hangaika na za Wamarekani, na sisi tuna rupia za Zanzibar za 1908 zenye jahazi? Adimu kuliko hizo.

KaraniWaNoti

Wa alaykum salaam, shekhe. Zile za 1908 nazipenda, na hapo ndipo tatizo: bei zake hazikamatiki kwa mtu wa mshahara. Noti ya Continental ya miaka 250, iliyochakaa lakini nzima, bado unaipata kwa dola mia moja hadi mia tatu hivi. Umri haupangi bei, shekhe. Kinachopanga ni ngapi zimebaki na wangapi wanazitaka. Na kama unataka uhusiano na kwetu, tafuta noti za mabenki ya Salem, Massachusetts, mfano Asiatic Bank. Wafanyabiashara wa mji huo ndio walioleta kitambaa cha merikani Unguja, na baada ya mkataba wa 1833 na Sayyid Said balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika 1837. Noti kama hiyo kwenye albamu ya Mzanzibari inakaa mahali pake kabisa.

Fundi Saa Tabora

Umenishawishi. Nianze na ipi, na nizitunzeje?

KaraniWaNoti

Anza na noti ya Pennsylvania au New Jersey ya miaka ya 1770, yenye jani nyuma. Ndiyo shule nzuri: ina ulanga, ina nyuzi, ina sahihi za mkono, na nyingi zina maandishi ya kutisha kwamba kughushi ni kifo. Ukiweza kusubiri, tafuta New Jersey ya 25 Machi 1776 yenye sahihi ya John Hart, mmoja wa waliotia sahihi Tangazo la Uhuru. Hart alitia sahihi noti nyingi, kwa hiyo ni njia ya bei nafuu ya kupata mkono wa mtu wa tangazo lile. Ya Massachusetts ya 1775 iliyochongwa na Paul Revere, yenye askari aliyeshika upanga, iache kwa sasa. Ni ghali. Lakini mjue kwamba Revere alichonga bamba lake nyuma ya bamba lile lile la shaba alilochorea mauaji ya Boston ya 1770. Shaba ilikuwa adimu.

Kutunza: usiioshe, usiipige pasi, usiitie gundi wala utepe. Utepe wa plastiki unaacha mafuta ya njano yasiyotoka. Mifuko laini ya PVC pia inatoa mafuta, tumia ya poliesta. Ukikuta noti imeshonwa kwa uzi wa zamani au imechomwa pini, iache hivyo hivyo. Mwenyewe alikuwa anaiokoa isichanike ili aweze kuitumia, na uzi ule ni sehemu ya noti. Mimi ninayo moja imeshonwa katikati kwa uzi mweupe, mishono mifupi imepangwa vizuri, na hata niahidiwe nini siwezi kumpa fundi aufumue.

Mwana wa Makadara

Hapo tunatofautiana. Wachambuzi wanaozipa noti madaraja ya ubora wanaishusha noti kwa mshono kama huo, na siku ya kuuza utalia.

KaraniWaNoti

Ni kweli wanaishusha, na ukinunua ili uuze, wafuate wao. Mimi nanunua ili niisome.

Fundi Saa Tabora

La mwisho: mtu aliye Tabora ananunuaje mnadani?

KaraniWaNoti

Nyumba kubwa za minada zinapokea bei mtandaoni. Kabla hujabonyeza, soma ada ya mnunuzi: nyingi zinaongeza kiasi cha asilimia 20 juu ya bei ya nyundo, yaani bei uliyoshindia mnadani, halafu kuna usafirishaji na bima. Kwa hiyo kama mfuko wako ni dola 250, simama kwenye 180. Nunua iliyokwisha kuwekwa kwenye kasha la kampuni ya kupima madaraja mpaka macho yako yazoee, na omba picha ya mgongo wa noti kila mara. Muuzaji akikataa kukuonyesha mgongo, hama. Ukipata noti unayoifikiria, weka picha pande zote mbili humu kabla ya kulipa, tutaitazama pamoja.